Aliyeniita Penye Mawe Meusi

Jumamosi, Jeddah. Upepo bado unagonga dirisha.

Nimefika salama, ila mchanga umo mpaka masikioni. Ninyi mnaonisoma huko Wete mwanijua, miye si mtu wa kuogopa ovyo.

Leo nimeogopa.

Tumetoka Riyadh asubuhi, mimi na Rukia wangu, kwenye gari lake lenye kitanda, jiko na friji ndani. Ndiyo, lake, na anaendesha mwenyewe. Mimi niliyeishia darasa la saba nimezaa mhandisi wa mitambo ya maji. Mliosema mtoto wa kike hasomeshwi mbali, mpo?

Riyadh tulikwenda kumwona Mwanahawa, binti wa dada yangu, anayefanya kazi za nyumbani mtaa wa Al-Naseem. Tulipoagana upepo ulishaanza. "Mama mdogo," akanitania, "jangwani ukiitwa usiitike." Nikamwambia majini wa huko wataniita kwa Kiarabu, na miye Kiarabu mafi, hamna hata neno. Tukacheka. Kwetu Pemba kila mtoto anajua: ukiitwa na usiyemwona, nyamaza. Ukiitika, umeshajitoa.

Tukateremka majabali, tukapita vilima vya mchanga mwekundu kama pilipili ya kusaga, kisha nchi tambarare isiyo na kitu ila ngamia waliougeuzia upepo migongo. Mchana tukaingia penye mawe meusi, kama makaa yaliyozimwa, mpaka macho yanapoishia. Hapo upepo ukabadilika sauti. Nikaanza kusoma Ayatul Kursi, Rukia ananicheka.

Mara turubai la kivuli, lile linalokunjwa ubavuni mwa gari, likafunguka likawa linapiga bati. Rukia akaegesha kando.

"Kaa humo humo, mama. Nalifunga narudi."

Akajifunga mtandio uso mzima, akaacha macho tu. Nikamwona analivuta. Likachomoka, akalifuata hatua chache. Ndipo vumbi likashuka. Dirishani pakawa rangi ya chai ya maziwa, kisha pakawa hapana kitu.

Nikangoja.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Sauti ya Rukia. Lakini ilitoka upande wa pili wa gari, ambako hakwenda. Mdomo ulishafunguka kusema abee, nikauziba kwa mkono. Ikaita tena, karibu, kama mtu aliyeegemea mlango.

Kama ni yeye, mwanangu amepotea, anataka sauti yangu imwongoze. Na kama si yeye?

Honi sikuikumbuka kabisa. Nilichokumbuka ni mahafali yake, nilivyopiga vigelegele mpaka akaninong'oneza, "Mama, punguza." Basi nikajiambia, kigelegele si kuitika. Nikafungua mlango ule aliotokea yeye, mchanga ukanijaa kinywani, nikatema, nikapiga. Nikapiga vya harusi, nikapiga vya uzazi, nikapiga mpaka koo likawaka. Na msinifanyie mchezo, Wete nzima hakuna anayenifikia.

Mkono ukanishika mguu.

Rukia, anatambaa, macho mekundu kama ya mgonjwa. Nikamvuta ndani kama gunia.

Alipokwisha kunywa maji nikamwomba radhi, kwamba aliniita nami nikanyamaza.

"Mimi?" akasema. "Ningefungua mdomo ningemeza jangwa zima! Sikukuita, mama. Nilikuwa najiendea tu, nikidhani narudi garini, nikasikia kelele zako nyuma yangu. Nikasema hizo hana mwingine duniani."

Tukacheka. Kisha tukatazamana, kicheko kikaisha chenyewe.

Milima ya Taif tumeipanda nikisoma tena Ayatul Kursi, na Rukia hakunicheka. Nyani wamekaa ukingoni mwa barabara, hawakusogea kuomba chakula kama tulipokuwa tunakwenda. Walitutazama tu. Tukateremka ile mizunguko ya barabara ya mlimani mpaka joto la Jeddah likatupokea, na nimeshukuru hata makelele ya teksi za hapa mtaani kwake, Bani Malik.

Sikumsimulia zaidi. Atasema mama yake mshamba. Lakini nimeshaamua: mtoto huyu nimemzaa kwa tabu, na sitomwitikia mwingine anayeniita kwa sauti yake. Nitahakikisha kwanza.

Naandika haya chumbani, mlango umefungwa.

"Mama! Mama, uko wapi?"

Inatoka jikoni. Nimenyamaza. Imeita tena.

Nimepiga kigelegele kimoja.

"Mama, punguza! Majirani wamelala! Njoo chai inapoa."

Ndiye. Abee, mwanangu, naja.