Dhihaka Zako Ziko Ukutani, Badi

Sahibu yangu Badi,

Kwa heshima na taadhima, na kwa niaba ya wapenda kandanda wote wa Malindi, naomba kukuarifu kwamba timu yetu ya Shella imebadilisha soksi. Zilikuwa nyeupe, sasa ni za manjano. Wewe ungeziandikia safu nzima, na lawama ungewatupia mahasimu wetu, Muyeye.

Safu yako ya michezo wamenipa mimi. Usicheke. Mhariri alitafuta mjuzi akamkosa, akakumbuka kwamba nilikuwa nikikuletea kahawa. Kila Ijumaa baada ya alasiri naisoma kwa sauti pale barazani, kama ulivyokuwa ukifanya, na wazee wanasinzia. "Karisa, ndugu yangu," Bi Rukia wako aliniambia, "unaandika kama mtu anayeomba radhi." Kweli. Wewe, Shella wakifungwa mabao matano, uliandika kwamba wageni walikirimiwa vizuri. Refa akiwapa Muyeye penalti, uliuliza shemeji yake anakaa mtaa gani.

Tulikuwa tukicheka, Badi. Sasa hakuna anayecheka. Kwenye ukuta wa uwanja wetu wameyaandika maneno yako kwa rangi nyekundu: "Muyeye hawachezi, wanavunja." Chini yake, jina lako. Vijana wanayasoma kama wasia. Tangu tukuzike kuna neno linapita mtaani, kwamba siku ile ulipoangukia uwanjani kwa Muyeye, walikuwa wamekutilia kitu kwenye maji. Kila anayelipokea analitia chumvi.

Na Jumamosi Muyeye wanakuja kucheza kwetu.

Yule mama wa Muyeye aliyekuwa akituuzia mahamri haji tena. Jana nilipita nyuma ya goli nikaona mawe yamerundikwa, yamefunikwa magunia. Nikamuuliza nahodha wetu, yule uliyekuwa ukimsifu hata akikaa benchi. Hakunitazama. "Mjomba, wewe Jumamosi kaa nyumbani," akasema. Alisema kwa upole, na upole ule ndio ulionitisha.

Nilikuwa nimenyamaza nikidhani nakusitiri. Sasa nakuahidi, kesho barazani nitasema yote. Watasema Muyeye wamenirubuni. Huenda jiwe la kwanza likawa langu, nami unajua sijui kukimbia. Nisamehe, sahibu, na Mola akulaze pema. Nitakayoyasoma ni haya.

Tangu asubuhi ulikuwa ukijishika kifua, ukanikataza nisimwambie Bi Rukia. Maji uliyokunywa yalitoka kwenye chupa yangu, na mimi niliyanywa. Kipindi cha pili winga wao aliwapita wetu watatu, akaupinda mpira hadi pembe ya juu. Ukasimama. Wewe, Badi. Ukapiga makofi mikono ikiwa juu ya kichwa, ukasema, "Lo, Karisa. Hili ni goli." Kisha ukaketi polepole, ukaniegemea, ukawa mzito.

Waliokubeba hadi garini ni Muyeye, jezi zao zimelowa jasho. Kipa wao aliacha lango wazi akaingia nasi, akakupakata kichwa njia nzima, akikuita: "Mzee Badi, amka. Wiki hii hujatutukana bado."