Glasi Mbele ya Picha

Matanzas, 9 Machi 1975

Dada Eulalia,

Bomba la uani bado linavuja. Kila Jumapili Mama alifungua redio ya Miami, kwa sauti ya chini majirani wasisikie, ili akusikie ukiimba salsa. Kisha aliweka glasi ya maji mbele ya picha yako, kama tunavyowawekea wafu.

“Mama, si huyo anaimba? Yu hai!”

“Huyo wa redioni yu hai, mwanangu. Eulalia wangu angekuwa hai angeniandikia.”

Miaka kumi na miwili bila hata barua moja. Nilikutetea, alinicheka.

Tulimzika Mama Jumanne. Niliporudi nilibadilisha maji, nikaisogeza glasi yako mbele ya picha yake.

Sitaki kukuwekea nyingine. Niandikie.

Mdogo wako,
Fermín