Wakorea Hawaombi Moto kwa Jirani

Mkuyuni, Mwanza
Jumatano

Mama yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua ukiona karatasi yenye mwandiko wangu utashtuka, maana tangu upate simu sijawahi kukuandikia. Usishtuke, sijafiwa wala sijalazwa. Magoti yanaendeleaje? Bado unapanda kilima cha kanisani kwa kupumzika mara tatu? Bibi anakula? Na kifua cha Baba kimetulia? Mimi mwili ni mzima. Chakula tu ndicho nakitazama mpaka kinapoa, tangu uliponipigia Jumapili.

Nimeandika kwa sababu simu yako huwa unaiweka sauti kubwa ili Baba naye asikie, na haya nataka uyapate wewe kwanza. Jirani yetu Mama Neema amekuja mjini kufuata vitenge vyake na anarudi kesho. Nimemwomba aifiche barua katikati ya vitenge. Naye akaniomba sehemu ya kumi na tano ya ile tamthilia ya Kikorea ninayoitafsiri, ili muendelee kuangalia kwake. Nimemdanganya kwamba mashine yetu imeharibika. Mungu anisamehe, uongo umenizoea.

Mama, unaringa kwa majirani kwamba mwanao anaongea kwenye runinga, lakini kazi yenyewe hujawahi kuiona. Ngoja nikueleze, maana ndiko jambo hili lilikoanzia. Nakaa kwenye chumba kidogo kilichobandikwa trei za mayai ukutani ili sauti isitoke nje. Naangalia Wakorea kwenye kioo, nasoma maandishi ya Kiingereza yanayopita chini, na hapohapo naongea Kiswahili. Mimi ndiye steringi, yule shujaa wa picha, mimi ndiye adui, mimi ndiye mama mkwe, na mlango ukilia ni mimi pia. Kikorea sijui hata cha kuombea maji. Majina yao yananichanganya, kwa hiyo nimewabatiza upya: Kaka Mkubwa, Dada Mdogo, Daktari.

Hii tamthilia ni nzuri kuliko zote nilizowahi kuzitafsiri, na ndio ubaya wake. Nyumba iliungua zamani, mama akafia ndani, watoto wawili, Kaka Mkubwa na Dada Mdogo, wakapona. Sasa ni watu wazima, na kila asubuhi Dada Mdogo anakuta mlangoni jozi moja ya viatu iliyozidi. Ni hivyo tu. Hakuna mzimu, hakuna damu. Wale nao huvua viatu mlangoni kama sisi, na hiyo jozi moja ilinifanya nianze kuhesabu viatu vyangu kila nikirudi kazini, nami naishi peke yangu na jozi tatu. Huyo binti anayeigiza Dada Mdogo halii ovyo. Anameza mate, nawe unajikuta umemeza naye. Daktari, ambaye ndiye adui, hajawahi kumpiga mtu kofi. Anaongea taratibu na Kaka Mkubwa, leo neno moja, kesho neno moja, mpaka Kaka Mkubwa mwenyewe anaamini kwamba ndiye aliyeichoma nyumba. Hapo waandishi wake waliweza kweli. Kusingiziwa ni jambo la kila siku, lakini mtu kukiamini alichosingiziwa, hilo lilinitia hofu mpaka nikaomba tupumzike.

Ila wameacha matundu ya kupita ng'ombe. Sehemu ya nne Daktari amehamia nchi ya mbali, sehemu ya tisa yuko hospitalini anapima watu presha, na hakuna anayemuuliza karudi lini. Polisi wana simu ya marehemu tangu mwanzo, wanakuja kuifungua sehemu ya kumi na mbili, sijui walikuwa wanasubiri umeme. Steringi, mchumba wa Dada Mdogo, anapoteza kumbukumbu kwa kugongwa na gari, halafu zinamrudia kwa kugongwa na gari lingine! Na tundu kubwa kuliko yote ni Kaka Mkubwa. Sehemu ya saba anatoka nyumbani na begi moja, na ndiyo basi. Wenzake wanakula, wanaoana, wanacheka, hakuna hata mmoja anayeuliza yuko wapi.

Wateja wa hapa Mkuyuni walikuja juu. "Dada, mmetukatia! Kaka Mkubwa kafa au kaoa?" Bosi akaniita pembeni akaniambia, "Edina, ziba." Kuziba ndiyo kazi yetu ya pili, Mama. Wakorea wakisahau, sisi tunakumbuka kwa niaba yao. Daktari nilimziba kwa kusema alifukuzwa huko ugenini. Ile simu nikasema ilikuwa imeingia maji. Watu wakaridhika.

Basi ikaja sehemu ya kumi na nne. Dada Mdogo anakaa chini pale ilipokuwa nyumba yao, dakika mbili nzima, bila kusema neno. Nadhani hakuna kipande kizuri kama hicho katika tamthilia yote. Lakini sisi haturuhusiwi kuacha kimya. Mtazamaji akisikia kimya anadhani spika imekufa, anaanza kuigonga runinga. Nikaona hapo ndipo pa kumzibia Kaka Mkubwa, kwa sentensi mbili tu. Nikasema, "Kaka hakurudi kwa sababu alifukuzwa. Na hakuwa na kosa." Nilipaswa kuishia hapo. Mdomo ukaendelea wenyewe: "Moto niliuleta mimi. Niliuomba kwa jirani, nikaubeba kwenye kopo la maziwa. Upepo wa ziwani ulikuwa mkali. Nikaliweka kopo karibu na ghala, nikaenda kufukuza kuku. Kisha nikanyamaza." Bosi alikuwa nje anaongea na fundi umeme. Ikapita hivyo hivyo, ikaingia kwenye flashi za wateja, ikasambaa.

Mama, wale watu wanaishi mjini, wanapikia gesi. Hawana ghala, hawana kuku, na ziwa halionekani popote.

Wateja walisema hawajawahi kulia vile. Nikajipa moyo kwamba hakuna aliyegundua, mpaka Jumapili. Ulianza kwa kunisifia, ukasema sebule nzima ya Mama Neema ilikuwa inafuta machozi. Kisha ukashusha sauti ukaniuliza, "Edina, hivi Wakorea nao huwa wanakwenda kuomba moto kwa jirani?" Nyuma yako nikamsikia Baba akikohoa, na kile hakikuwa kikohozi cha kifua. Nikasema mtandao unasumbua, nikakata. Tangu siku hiyo simu naiwasha mara moja tu asubuhi. Nikikuta hakuna ujumbe naogopa, na nikisikia imelia naogopa zaidi, naizima kabla sijasoma.

Sasa nakusimulia bila Wakorea.

Nilikuwa darasa la nne. Ulikuwa umekwenda kuchimba mihogo, na moto wa mafiga ulikuwa umezimika. Ulinikataza nisibebe moto siku ya upepo. Mimi nilitaka urudi ukute maji yamechemka, unisifu. Nikaenda kuomba makaa kwa Mama Neema, kama tulivyozoea, hivyo hata yeye baadaye hakushuku kitu, nikayabeba kwenye kopo. Kufika uani nikakuta kuku wameuvamia udaga wa mihogo ulioanikwa. Nikaliweka kopo pembeni ya ghala, nikawakimbiza mpaka nyuma ya nyumba. Niliporudi, nyasi za ghala zilikuwa zinawaka. Bibi aliingia kuvuta gunia la ulezi, na mkono wake ulivyotoka unaukumbuka. Kopo nikalitupa kwenye matete. Watu walipokuja kuzima wakaokota kichungi cha sigara nyuma ya ghala, na pale kwetu aliyekuwa anavuta kwa kificho alikuwa mmoja tu, Kaka Magesa. Baba akasema mbele ya wazee, "Anayeunguza chakula cha nyumba hii hana nyumba hapa." Mimi nilikuwa nimesimama nyuma yako, nimeshika kanga yako. Ulidhani namlilia Bibi.

Labda mtoto wa darasa la nne mtamsamehe. Kuna jingine, Mama, na hilo ni zito kuliko la kwanza.

Kila Pasaka unamwombea Magesa kwa kusema "kama yu hai". Yu hai. Yuko Usagara, pale njia panda, anaziba matairi. Huu ni mwaka wa pili najua. Gari la bosi lilipata pancha tukiwa safarini, tukalisukuma mpaka kwenye kibanda kimoja, na fundi akageuka kabla hajaniona uso. "Hiyo sauti naijua, ni ya Mama," akasema. Amekonda kidogo, nywele zimeanza kuota mvi mapema kama za Baba. Hajaoa. Aliniapisha nisimwambie mtu, halafu akauliza, "Bibi mkono ulipona?" Nikamwambia unakunjika nusu. Akainama, akashika spana, akaiweka chini tena.

"Edina," akasema, "ile sigara naikumbuka niliikanyaga. Lakini labda sikuikanyaga vizuri. Kila siku najiuliza."

Havuti tena. Hapo kibandani kwake mteja akiwasha sigara anamwomba akasimame ng'ambo ya barabara. Anaamini, Mama! Hakuna Daktari aliyekaa naye kumbembeleza mpaka akaamini. Ni kimya changu kilichomfundisha. Na siku hiyo nilikuwa mbele yake, mtu mzima wa miaka ishirini na tatu, neno liko kwenye ulimi, nikamwambia, "Haya, Kaka, tutaonana," nikapanda gari. Nimewasema sana waandishi wa Korea kwa kumsahau Kaka Mkubwa. Wao walimsahau kweli. Mimi nilikuwa najua alipo.

Imebaki sehemu ya kumi na sita sijaitafsiri. Nimeiangalia, Kaka Mkubwa harudi. Bosi anataka nimrudishe kwa maneno, hata apige simu tu kutoka mbali, wateja wafurahi. Nimekataa. Tumekosana kidogo, ameniambia kama naona vigumu nimpishe mwingine. Sitaki kumziba tena mtu huyu kwa mdomo.

Jumamosi nakwenda Usagara. Nataka anisikie mimi ana kwa ana, kabla flashi haijamfikia, maana flashi zinatembea kuliko watu. Akinipiga nitashukuru. Ninachoogopa ni asiseme kitu, aendelee tu kuziba tairi lake. Jumapili nitapanda basi la Musoma. Akikubali tutakuwa wawili, na ukiniona nashuka peke yangu, tafadhali usiniulize mbele za watu. Wanaoishi mbali ni walioko Dar. Mimi niko basi moja tu kutoka nyumbani na miaka minne sijakanyaga, kila mara nasingizia kazi. Nilikuwa nakwepa kupakuliwa chakula na ule mkono wa Bibi. Sasa umejua.

Barua hii isome kwanza peke yako. Halafu msomee Baba yote, usiruke mahali kwa kunihurumia.

Nisalimie Mama Mdogo wangu pale mwaloni anakouza samaki, mwambie dagaa alizonitumia zilifika na nilizila zote kabla ya ile simu ya Jumapili. Msalimie mwalimu wa kwaya, baba yangu wa ubatizo, bado namkumbuka alivyotufundisha kupumua kabla ya kuimba. Bibi usimwambie neno. Nitamwambia mwenyewe nikiwa nimemshika mkono, ule ule wa kulia.

Kwa Baba, shikamoo yangu usimpe kabla ya kusoma. Mpe ukishamaliza, tena usimharakishe. Kuanzia Ijumaa simu nitaiacha imewashwa mchana kutwa. Akiitikia, nitumie neno hilo moja tu, "Marahaba", nitaelewa. Asipoitikia usinitumie kitu, na usinitungie. Nitakuja hivyo hivyo.

Mwanao uliyemkataza kubeba moto,

Edina