Maji ya Kaka Yake Bibi

Marahaba, mjukuu wangu Fatuma.

Hapa Mkunya hatujambo, mikorosho imeanza kutoa maua. Picha uliyonitumia ya mnara wa ushindi huko Ujerumani nimeiona: askari, farasi, bunduki. Unauliza kama na sisi tuna kumbukumbu ya vita.

Usichanani tulikuwa tukichota maji bondeni na kupanda nayo mlima. Tukifika juu, bibi yangu alikuwa akimwaga kata ya kwanza njiani, pale kaka yake alipopita akiwabebea Wajerumani mizigo ya vita, asirudi.

Siku moja nikanung'unika, "Bibi, maji yenyewe haya ya shida!"

"Mwache anywe. Sisi tumefika, yeye bado yuko njiani."

Mbebaji nimemtafuta kwenye picha yako, simwoni. Ukipita tena hapo, mwaga maji kidogo. Huenda ndipo alipofika.

Bibi yako