Kijino Hakui

Tarehe 9 Februari

Mama mpendwa,

Shikamoo. Natumai barua hii inakukuta mzima, na kwamba miguu imepunguza kuvimba. Mimi sijambo, ni homa tu iliyonipitia wiki jana. Nakuandikia kwa sababu kwenye simu hunisikii. Unaitikia "ndiyo, ndiyo", halafu kesho yake unaniuliza nilisema nini. Miaka thelathini ya kelele za cherehani si mchezo.

Kaa kwanza. Nimenyoa nywele, Mama. Zote. Usinune kabla hujasikia sababu. Nimepata filamu, na safari hii si tangazo la sabuni wala kukata utepe kwenye duka la nguo za watoto. Nacheza mwanamke anayemtilia mumewe sumu kwenye uji. Anamtilia kidogo kidogo kwa wiki tatu, na kila asubuhi anamuuliza kama sukari imetosha. Nakuambia mwenyewe kabla hujaambiwa na jirani yako muuza vifungo, maana huyo habari hailali kwake.

Nilipokuwa na homa nilikwenda kwa daktari. Mtu mzima, miwani puani, kaniona nimelala natetemeka, akasema, "Kijino! Hebu sema ile." Nina miaka ishirini na sita, Mama. Nikasema ile. "Nisamehe, sitarudia." Akapiga makofi, ndipo akanipima.

Miaka minane ya utoto wangu nilisema maneno hayo kwenye televisheni siku za Jumapili, nikiwa Kijino. Sahani ikivunjika, Kijino anaomba msamaha. Mbwa akipotea, Kijino anaomba msamaha, na watu wanakwenda kulala wakiwa na raha. Sasa nataka kucheza mtu aliyekosa kweli na haombi radhi. Nafasi kama hii nimeitafuta tangu nina miaka kumi na tisa, na kote walinijibu kwamba watazamaji hawawezi kuniona hivyo.

Shida ni moja. Mwongozaji ananifokea, "Simama wima!" Mimi najua nimesimama wima. Juzi akaniletea kioo kirefu. Magoti yangu yamekunjwa, Mama, na wala sijui nayakunja saa ngapi. Unamkumbuka aliyenifundisha?

Niombee.

Mwanao


Tarehe 27 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Mimi mzima. Miguu ni ile ile, inatabiri mvua kuliko redio. Hiyo homa yako ni ya kutokula, nakujua.

Nywele zitaota. Sumu ndiyo imenikaa kooni. Mtu mzima anaweza kucheza mwalimu, anaweza kucheza nesi. Kwa nini muuaji? Mimi nikienda sokoni napewa nafasi mbele ya foleni kwa ajili ya uso wako. Watu walilea watoto wao kwa kuwaambia, "Muige Kijino." Kizuri chajiuza, nawe unataka kukitupa jalalani.

Na hilo la magoti sema wazi, usinizunguke. Ni mimi. Baba yako alikuwa na miezi mitatu kaburini ulipoanza kazi ile. Mtayarishaji alichora mstari wa chaki kwenye mlango wa lile jiko la studio, akaniambia bila kupepesa macho kwamba siku kichwa chako kikipita mstari, anatafutwa mtoto mwingine. "Kijino hakui," akasema. Ulipita ukiwa na miaka kumi na mmoja. Basi nikapandisha kiuno cha gauni la manjano, nikavimbisha mabega, nikakufundisha kukunja magoti ndani ya sketi. Kila miezi sita nilikupima, nikaandika namba mbili kwenye daftari langu, ya kweli na ya kuwaambia. Ukaendelea miaka mitatu mingine na hakuna aliyegundua. Hiyo ni kazi ya fundi, mwanangu, si dhambi. Ulikula na ukasoma.

Iache filamu hiyo. Mimi ndiye mama yako.

Mama


Tarehe 15 Machi

Mama mpendwa,

Shikamoo, na natumai u mzima. Sijaja kugombana.

Sikusema ni dhambi. Ila uliyoyaandika ni ya juu ya gauni. Ngoja nikuambie ya ndani. Siku niliyotimiza miaka kumi na miwili ulinipima, ukatazama futi, ukasema "eeh" kwa sauti ndogo, kama mtu aliyeona nyufa ukutani. Nilikwenda chooni nikalia. Nikaanza kuacha chakula sahanini, nikidhani chakula ndicho kinachonirefusha. Niliomba Mungu anifupishe. Ulikuwa ukiziona sahani zinarudi, Mama. Hukuniuliza.

Vipindi mia tatu na kumi na viwili. Mara mia tatu na kumi na mbili nimeomba msamaha kwa makosa niliyoandikiwa na watu wazima. Nataka mtu mmoja aniombe mimi, mara moja tu, na nataka awe wewe. Wala sitauliza tena baada ya hapo.

Filamu inaonyeshwa mara ya kwanza tarehe mbili Agosti. Kila siku nasimama nusu saa mgongo ukutani, visigino ukutani, kitabu kichwani. Jana kitabu hakikuanguka. Nimekuwekea kiti kando yangu. Njoo unione.

Mwanao


Tarehe 29 Julai

Mwanangu,

Salamu nyingi. Mimi mzima kabisa, na leo nina furaha, maana nimekusaidia.

Tangu picha zako zilipotoka magazetini, zile za kipara na sigara, watu hawakunipa raha. Hata muuza vifungo alinigeuzia mgongo. Basi juzi redio ikanialika kipindi cha asubuhi, "mama mzazi wa Kijino". Nikaenda na gauni la manjano begani, nikasahau kwamba redio haionyeshi. Watu wakapiga simu kulalamika. Mmoja alisema umemvunjia binti yake moyo. Nikaona nisipoongea mimi, ataongea nani? Nikasema, "Jamani, ni mwanangu, naye ni binadamu. Msameheni, hatarudia." Mtangazaji alilia. Wamerudia kipande hicho kila saa mpaka leo, na sokoni nimerudishiwa nafasi yangu.

Kwenye onyesho sitafika, miguu hainiruhusu. Lakini sasa njia yako ni nyeupe.

Mama


Tarehe 5 Agosti

Mama,

Ukumbi ulijaa. Watu wengine walisimama ukutani.

Dakika ishirini za kwanza walikuwa kimya, nikashika mkono wa kiti na kuwaza, wananiona. Kisha ikaja asubuhi ya uji. Nakoroga, namwekea mezani, namuuliza kama sukari imetosha. Anakunywa. Nami nainuka, Mama, nasimama wima, urefu wangu wote, kwa mara ya kwanza mbele ya macho ya watu.

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti, "Msameheni, hatarudia!"

Wakacheka. Mwingine akajibu, na mwingine, mwisho ukumbi mzima ukawa unaimba. Kila nilipotokea kwenye skrini waliimba. Mume anakata roho, wao wanashikilia mbavu. Hawakuwa wabaya, walikuwa wananipenda, ndilo linaloniua. Mwongozaji alitoka kwa mlango wa nyuma bila kuaga. Miezi sita nilikuwa najinyoosha, nawe umenikunja kwa sentensi moja.

Nilikuomba uniombe msamaha. Ukaenda kuniombea.

Kiti kando yangu kilikuwa kitupu. Usiniandikie.


Tarehe 20 Agosti

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima.

Sikujua. Wallahi sikujua. Nilidhani nakufungulia mlango.

Mama


Tarehe 11 Januari

Mwanangu,

Hujambo? Ni mwezi wa tano sasa sijapata jibu, nami nakuandikia tena kwa kuwa uchungu wa mwana haunyamazi. Mimi mzima, ila siku hizi nasahausahau. Juzi nimetafuta mkasi siku nzima, nikaukuta ndani ya mkebe wa sukari.

Nimeiona filamu yako. Wameirudisha kwenye ukumbi mdogo nyuma ya kituo cha posta, maonyesho ya mchana. Tulikuwa watu sita, na hakuna aliyecheka. Ulipouliza kama sukari imetosha, niliukumbatia mkoba wangu. Nilimwogopa yule mwanamke. Nilisahau kwamba nimemzaa. Bibi mmoja kando yangu akasema, "Huyu dada ni hatari, ni nani?" Nikamjibu simjui, na nilijivuna, mwanangu, kwamba simjui.

Uliposimama nilikupima kwa jicho. Jicho la fundi halidanganyi. Umempita baba yako urefu! Sikujua. Miaka yote hiyo nilikuwa nashughulika na ile namba nyingine.

Nimeanza kukushonea gauni. Si la manjano, la buluu iliyokolea, kiuno mahali kiuno kilipo. Pindo sijalishona, nimelishikiza kwa uzi tu, maana pindo linataka mtu awe amesimama mbele yangu. Na kuna neno lako ninalo. Nimeliandika mara tatu nikachana karatasi. Njoo nikuambie kwa mdomo, upesi kidogo.

Mama


Tarehe 3 Juni

Mwanangu,

Hujambo? Mimi mzima na baba yako anakusalimu.

Usisahau kesho ni kurekodi. Lala mapema. Gauni nimelinyoosha. Magoti, mama, kumbuka magoti, wasije wakatuletea mtoto mwingine.

Mama


Tarehe 19 Juni

Mama mpendwa,

Shikamoo. Sikuulizi kama u mzima. Nakuona.

Nakuandikia kwenye meza yako ya kukatia, nawe umekaa hatua tatu kutoka hapa, unachambua vifungo kwa rangi. Nikimaliza nitakusomea. Unapenda nikusomee barua zangu, zote ulizozifunga kwa utepe ndani ya daftari la vipimo. Jana umesema, "Huyu binti anaandika vizuri, ila ana hasira. Mama yake yuko wapi?"

Barua yako ya Januari sikuifungua. Niliiona bahasha, nikaitia kwenye droo. Kiburi kilikuwa kitamu, Mama, nilikilamba miezi mitano. Ile ya Juni niliifungua kwa sababu anwani ilikuwa imeandikwa mshazari, mpaka ukingoni. Nikasoma kwamba baba ananisalimu. Baba, ambaye hajamsalimu mtu kwa miaka ishirini. Ndipo nikafungua na ile nyingine, nikaipata miezi mitano imechelewa. Asubuhi yake nikapanda basi.

Ulinipokea mlangoni vizuri sana. "Karibu, dada. Ni kushona au ni kupunguza?"

Nikasema ni pindo.

Ukaniangalia juu mpaka chini, ukaenda moja kwa moja kwenye ndoano, ukaniletea gauni la buluu. Sijui kwa nini ulijua ni langu. Nikalivaa. Mama, limenikaa! Mabega ni mabega, kiuno ni kiuno. Ukapiga magoti sakafuni na pini mdomoni, na mikono yako haijasahau chochote. Ukanipima kutoka begani mpaka kisigino, ukafungua daftari, ukaandika. Nilichungulia juu ya bega lako. Uliandika namba moja.

"Una umbo la kupendeza," ukasema. "Usikubali mtu akukunje."

Nikajifuta macho. Ukadhani pini imenichoma.

Kisha ukaniambia habari za mwanao. Kwamba ni mfupi, anakufikia hapa, ukaweka mkono chini ya kifua chako. Kwamba ametoka kwa hasira na hajarudi, na wewe ndiye uliyemkosea, ulimbana asikue. "Wewe unazunguka huko nje," ukasema, "ukimwona mwambie mama yake anaomba msamaha. Mwambie hivyo hivyo, usiongeze."

Nilichokidai nimepewa, Mama. Nimepewa nimfikishie mwingine.

"Nitamwambia," nikasema.

Ila hukutulia. Muuza vifungo ameniambia ni kila siku, jua likianza kushuka unasimama mlangoni na kuanza kumngoja mtoto. Hukutaka kula. Ulinisukuma nikuache upite, ukamtafute barabarani, na miguu ile. Nikakuita Mama, ukaniambia, "Wewe dada, mimi si mama yako, niache." Nilisimama pale na gauni langu, wima kama nilivyojifunza ukutani, na kadiri nilivyokuwa mrefu ndivyo usivyoniona.

Basi nikakunja magoti.

Hayakusahau, nayo. Yalikwenda chini yenyewe mpaka kichwa changu kikafika hapo ulipopima kwa mkono. Ukanishika utosi, ukanishika masikio. "Umerudi?"

"Nimerudi, Mama. Nisamehe, sitarudia."

Ukacheka, ukanipiga kikofi kidogo begani, ukaja ukala sahani nzima.

Wiki ijayo nimeitwa kwa majaribio ya filamu nyingine. Yule mwongozaji alinitafuta mwenyewe. Huko nitakwenda na gauni la buluu na nitasimama urefu wangu wote, na kiti kando yangu nitakiacha wazi. Lakini nimehamia hapa, chumba cha nyuma, na kila jioni nitakunja. Nimelitazama daftari. Chini ya namba yako moja nimeandika ya pili, ile ya kukuambia wewe.

Pindo bado hujalishona. Umesema mwenye gauni aje kesho, nami nimekuambia atakuja. Sasa wali umeiva, na umeshaanza kutazama mlango. Naiacha kalamu nije nikusomee.

Mwanao