Dakika Saba za Mageni

Shinyanga, 5 Juni 1988

Mpendwa dada Scolastika,

"Mashine haiwezi kujua mchezaji anataka kufanya nini." Ndivyo ulivyoniandikia. Shikamoo kwanza, natumaini wewe, shemeji Mageni na watoto ni wazima. Sisi tuna mafua ya vumbi tu.

Sasa nikujibu. Je, Nkwabi, aliyekuwa akituwashia taa za jukwaani mwaka jana, alijua? Aliwasha zote katikati ya onyesho la kifo, marehemu akaonekana akijikuna! Kompyuta haisinzii wala hainywi. Padri ametuazima yake, ndogo ya mezani, na fundi Pantaleo ameiunganisha na taa sita. Naandika: nyekundu dakika sita na sekunde arobaini, bluu sekunde ishirini, giza sekunde kumi. Inatii.

Tarehe 2 Julai Bagika na Bagalu, vyama vyetu viwili vya ngoma, watashindana ukumbini, saa tisa alasiri, madirisha yamezibwa kwa mablanketi. Nimempima shemeji mazoezini mara tatu: anacheza dakika saba na nyoka wake. Kisha giza, wenzake waingie. Wanaodhani ngoma zetu zinastahili kandili tu ndio wanaotudharau.

Mdogo wako,
Donatus

Kishapu, 14 Juni 1988

Mdogo wangu Donatus,

Marahaba. Hatujambo, Onesmo alikuwa na homa, sasa anakimbiza kuku.

Ulimpima mazoezini, ambako hakuna wa kushindana naye. Wewe ni mtoto wa Kisukuma au ulizaliwa maktabani? Kwenye mashindano watu huhamia upande unaowafurahisha, na penye watu wengi ndipo penye ushindi. Mageni akiona hata bibi mmoja anavuka kutoka kwa Bagika kuja kwao Bagalu, hatoki. Mwaka jana kule Didia alikaa uwanjani mpaka wapinzani wakaketi chini.

Na mkononi ana kifutu, si kamba. Kwenye mwanga anajua kichwa chake kiko wapi. Gizani je? Futa hilo giza, au weka mtu kwenye swichi. Silali vizuri.

Dada yako,
Mama Onesmo

Shinyanga, 23 Juni 1988

Dada,

Shikamoo. Nimefurahi Onesmo amepona.

Unadai niweke mtu kwenye swichi. Basi kompyuta ya nini? Bila giza, watazamaji wataona wachezaji wakipishana na ngoma zao mgongoni kama wanahama nyumba. Hiyo si sanaa.

Nimeongea na shemeji. Nikamwambia, "Bluu ikiwaka, rudisha nyoka kikapuni, utoke." Akacheka: "Sawa, mwalimu. Nikimaliza, nitatoka." Tumekubaliana.

Pantaleo naye ana wasiwasi wake. Ukiisimamisha programu katikati, taa zote huzimika, na kuipakia upya kutoka kwenye kaseti ni dakika tano. Kwa hiyo hatutaisimamisha. Nakuomba usimtie shemeji hofu.

Mdogo wako,
Donatus

Kishapu, 6 Julai 1988

Donatus,

Salamu baadaye. Leo Jumatano. Mageni hakushuka kwenye basi la Jumapili wala la jana. Masele, jirani yetu aliyekuja kutazama, anasema taa zilizimika, watu wakapiga mayowe, naye akajikuta nje na kiatu kimoja. Nikimuuliza mume wangu yuko wapi, anarudia habari ya kiatu. Sijui nifue shati lake au nitandike mkeka wa matanga.

Barua hii nampa dereva mkononi. Arudi na jibu.

Dada yako

Shinyanga, 7 Julai 1988

Dada,

Shikamoo. Yu hai. Nisamehe kuchelewa, kila siku nilisubiri nipate habari nzuri zaidi.

Dakika ya sita watazamaji wa Bagika walianza kuvuka: kwanza wawili, kisha benchi zima. Bluu ikawaka. Shemeji akaitazama, akatabasamu, akamwinua kifutu upya. Kidole changu kilikuwa juu ya kitufe cha kusimamisha programu. Nikibonyeza, giza linakuja sasa hivi. Nisipobonyeza, linakuja baada ya sekunde ishirini. Nilimpigia kelele, lakini ngoma zilinimeza.

Lilipoingia giza, mmoja wa waliokuwa wakivuka alimkumba. Pantaleo akararua blanketi dirishani. Tukamwona Mageni amesimama, bado anamshikilia nyoka ili asiwafikie watu, naye ameshang'atwa mkono wa kulia. Hospitali wamemkata vidole viwili. Homa imeshuka.

Lakini tuseme kweli, dada: programu haikukosea hata sekunde moja. Na shemeji tulikuwa tumekubaliana.

Mdogo wako,
Donatus

Kishapu, 12 Julai 1988

Donatus,

"Programu haikukosea hata sekunde moja." Nani kasema imekosea? Aliyekosea amesoma vitabu vingi, aliambiwa mapema, tena kwa maandishi, na dada yake.

Nimetoka hospitalini. Nilimpa Mageni kikombe cha uji, kikamponyoka. Akatania: "Mama Onesmo, hata kikombe kimevuka upande." Wauguzi wakacheka. Mimi nilitoka nje.

Pamba imepasuka yote, ekari tatu. Inadondoka, na ng'ombe wa watu wanaingia kila siku. Aliyekuwa akiichuma haraka kuliko sote unajua yuko wapi, na unajua kwa nini. Maelezo yako yametosha, usiandike mengine.

Wewe na Pantaleo, maana najua mtaisoma hii pamoja: pandeni basi la Jumamosi asubuhi, mmevaa nguo za kazi. Mtachuma mpaka mstari wa mwisho. Jua likiwachoma, mtachuma. Mkichoka, mtachuma. Mtatoka shambani nitakaposema mimi.

Dada yako,
Scolastika