Mto wa Upande wa Miguuni

Sinait, Jumapili asubuhi

Kwa dada yangu mpendwa Ursing,

Salamu nyingi zikufikie huko Hawaii. Natumaini magoti yako yamepoa. Sisi hatujambo, vitunguu saumu vimevunwa na vinaning'inia darini.

Bila shaka umesikia kwamba nilisinzia kwenye ubatizo wa mjukuu, nikakoroma hadi padri akanyamaza. Watu walicheka. Mke wangu Doray hakucheka. Kesho yake aliniburuta hospitali. Daktari akasema nikilala koo hujifunga na pumzi hukatika. Nikapewa mashine ya kusukuma hewa kwa barakoa ya puani, ili koo libaki wazi.

Dada, niliikataa. Mjukuu wetu Jovelyn aliniona nimeivaa akasema, "Babu, umekuwa tembo." Nikaifunika taulo. Doray akanisihi kwa upole, kisha kwa matusi. Nikamjibu kwa uchungu kwamba miaka yote analala kichwa upande wa miguu yangu kwa kunikinai, leo pumzi zangu zinamhusu nini? Hata wewe ulitutania kwamba tunalala kama dagaa kwenye kopo. Nilicheka nawe, lakini iliniuma.

Tuliporudi hospitali, daktari aliuliza ni nani ameziona pumzi zikikatika. Doray akasema ni yeye. Unakumbuka Baba alivyofia usingizini, wazee wakasema batibat, lile zimwi la mitini, limemkalia kifuani, na hapakuwa na mtu wa kumtikisa kidole gumba cha mguu aamke. Basi Doray hulala kule miguuni akiwa amekishika cha kwangu. Pumzi ikikatika, anakivuta. Alisema hayo akitazama sakafu, kama mtu aliyefumaniwa. Nililia mbele ya daktari, na sioni aibu kukwambia.

Sasa naivaa, niwe tembo nisiwe tembo. Mwanzoni Doray hakuiamini, akaendelea kushika kidole. Jana aliuhamisha mto wake, akauweka kando ya wangu. Kumbe naye hukoroma. Hilo libaki kati yetu.

Wajukuu wanakusalimu. Doray naye angekusalimu, ila jua limeshapanda na bado amelala fofofo, nami sina moyo wa kumwamsha.

Ni mimi mdogo wako,
Crispulo